Maboresho ya katikati ya msimu yanaweza kuiokoa timu ya kati?

Umeuliza kama timu ya katikati ya msimamo wa Formula 1 (mbio za magari) inajidanganya kusubiri vipuri vipya. Hapana, ila inacheza kamari. Tazama Sauber mwaka 2025: hadi baada ya mbio za Monaco walikuwa mkiani na pointi 6 tu. Wakapeleka sakafu mpya (sehemu ya chini ya gari) na bawa jipya la mbele Uhispania, dereva wao Hülkenberg akamaliza wa 5, kisha Silverstone, Uingereza, akaanza wa 19 na kumaliza wa 3. Mara yake ya kwanza kupanda jukwaa la washindi watatu, katika mbio zake za 239! McLaren nao 2023 walianza vibaya mno Bahrain, wakabadilika kuanzia Austria, na dereva wao Norris akawa wa 2 Silverstone.

Sasa upande mchungu. Timu ya Haas mwaka huohuo wa 2023 walileta gari lililobadilishwa karibu lote Austin, na baadaye Hülkenberg (ndiyo, huyuhuyu, wakati huo akiwa Haas) akarudia toleo la zamani. Tatizo kubwa ni kwamba namba za handaki la upepo (mahali pa kupimia jinsi hewa inavyopita kwenye gari) zikikataa kufanana na za kwenye njia ya mbio, hujui hata uanzie wapi kurekebisha. Na kuna ukomo wa bajeti ambao timu hairuhusiwi kuuvuka, kwa hiyo sakafu iliyofeli ni pesa iliyokwenda.

Faida moja: walio chini kwenye msimamo hupewa muda mwingi zaidi wa handaki. Mimi ningeangalia sakafu kwanza. Rangi mpya na vibawa vidogo vya pembeni, achana navyo.