Uso kivulini, ukuta juani: picha isiungue wala isizame gizani

SWALI: Ninarekodi filamu fupi Mji Mkongwe, Zanzibar. Mwigizaji wangu ni mweusi wa rangi, amevaa buibui, amekaa kibarazani kivulini saa tatu asubuhi. Nyuma yake, ng'ambo ya uchochoro, kuna ukuta wa chokaa unaopigwa jua. Nikifungua lenzi kwa ajili yake, ukuta unaungua (unakuwa mweupe mtupu). Nikiulinda ukuta, uso unazama. Kamera ina S-Log3 (mfumo wa Sony wa kurekodi unaohifadhi mwanga na giza vilivyoachana sana) ya ISO 800 (usikivu wa kamera kwa mwanga), na nina taa ndogo ya LED. Nirekebishe nini kwenye kamera?

JIBU: Kwenye kamera, kidogo sana. Tundu la lenzi, ISO na filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi) hupandisha au hushusha uso na ukuta kwa pamoja. Pengo lililo kati yao hubaki vilevile. Pengo hupunguzwa palepale mahali pa kurekodia, kamera inafuata baadaye.

Anza kwa kupima. Kadi ya kijivu ya asilimia 18 (inayorudisha asilimia 18 ya mwanga) ikitolewa kivulini na kuwekwa juani, kwa kawaida huongezeka stopu 3 hivi (kila stopu ni mwanga maradufu). Chokaa safi iko stopu 2 na ushei juu ya kijivu, na ngozi nyeusi iko stopu 1 au zaidi chini yake. Jumla, uso na ukuta vinaachana kwa stopu 6 na zaidi. S-Log3 inaweza kuzibeba, ila kwa shida: ukivuta uso juu wakati wa kusahihisha rangi, chenga (vidoa vidogo vya picha chafu) zinakuja nao.

Dawa ya bure ni saa. Ukuta unaopigwa jua asubuhi unatazama mashariki, kwa hiyo jua likishavuka utosi nao unaingia kivulini, na zile stopu 3 zinapotea karibu zote. Ratiba ikiruhusu, hamishia onyesho alasiri. Ila usingojee machweo: huku karibu na ikweta jua hushuka takriban wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo mwanga laini wa nyuzi 6 za mwisho haufikishi hata nusu saa.

Ikishindikana, tumia riflekta (bodi ya kurudishia mwanga). Taa yako iache begini: jua kali hutoa lux (kipimo cha mwanga) laki moja hivi, kivuli cha wazi kama elfu kumi, na taa ya mkononi elfu moja au mbili tu kwa umbali wa mita 1. Haitaonekana. Tafuta bodi nyeupe ya sentimita 120 kwa 240, isimamishe penye jua ubavuni mwa kamera, mita 1.5 hivi kutoka kwa mwigizaji, kwa usawa wa macho. Ukiilaza chini, mwanga unapandia kidevuni na sura inatisha. Lenga kuongeza stopu 1.5. Upande wa fedha una nguvu zaidi, lakini utamfanya akunje macho.

Hapa ukubwa wa bodi una maana kubwa. Umbo la uso mweusi huonekana kwa mng'ao wake: bodi pana huchora mng'ao mrefu, laini, kuanzia kwenye paji hadi shavuni, ilhali chanzo kidogo huacha doa jeupe moja kwenye pua.

Sasa kamera. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 na tundu la f/2.8, jua tupu lingehitaji stopu 9 za ND. Ukishasaidiwa na riflekta, uso uko stopu 1.5 chini ya jua, basi weka ND 2.1, yaani stopu 7. Nusu stopu inayozidi inaifaa ngozi. Kwenye weivufomu (grafu ya kamera inayoonyesha mwanga kwa asilimia), kadi iliyoshikwa usoni isome karibu 45, ngozi 32 hadi 37, na ukuta usipite 90, maana S-Log3 hukatika kwenye 94. Zebra ya 70 (mistari inayotokea kwenye skrini palipofika asilimia 70) usiitumie kwa uso huu. Iliwekwa kwa ngozi nyeupe na picha ya kawaida. Ukiifuata kwenye S-Log3 utazidisha stopu 4 na ukuta utakuwa umekwisha kuungua.

La mwisho ni buibui. ND nzito ya bei nafuu huzuia mwanga unaoonekana lakini huachia infraredi, na kitambaa cheusi hasa cha nailoni au poliesta hugeuka kahawia. Ukiiondoa kahawia hiyo baadaye, ngozi nayo inaharibika. Tumia IRND (ND inayozuia na infraredi), na kabla ya siku ya kazi rekodi buibui lenyewe juani sekunde 10 kwa filta na sekunde 10 bila filta, ukifunga lenzi na kuongeza kasi ya shata, kisha linganisha rangi.