Kadi ya R4 ya DS Lite: ijaribu kabla hujatoa pesa

Ndugu yangu, nimekuelewa: mwanao ana Nintendo DS Lite, ile mashine ndogo ya michezo ya mkononi, umeonyeshwa kadi ya R4 (huchomekwa kwenye DS na hubeba memori kadi yenye michezo) duka moja la Digo Road, na muuzaji asema ni orijino. Neno hilo lisikutulize. R4 ya mwanzo haisomi memori kadi zaidi ya GB 2. Hizi zilizoandikwa SDHC, yaani zinazosoma memori kadi kubwa kuliko hiyo, ni za watengenezaji wengine. Si lazima ziwe mbovu, ila baadhi programu yake imetegwa: ikifika tarehe fulani, kadi yagoma kufunguka.

Kwa hiyo nenda na DS yenyewe. Chomeka kadi, ingia kwenye mipangilio, sogeza tarehe mbele miaka kadhaa, zima, washa. Ikigoma, mrudishie. Ikifunguka, cheza kidogo, hifadhi, zima, uone kama mchezo unaendelea pale ulipoachia. Hapo ndipo kadi dhaifu hujulikana.

Memori kadi inayouzwa pamoja nayo mimi siiamini kabisa. Nunua yako, ipime kwenye kompyuta kwa H2testw, programu ya kuhakikisha ukubwa wake ni wa kweli, kisha ifomati kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32.

Angalia pia vile vipande vya shaba nyuma ya kadi. Kwa unyevu wetu wa Mombasa huota kutu ya kijani. Ikikataa kuingia usiilazimishe, pini za ndani zikipinda ni kazi ya fundi.

Na michezo ya kampuni iliyopakuliwa bila ruhusa ni wizi wa hakimiliki. Mtafutie ile ambayo watunzi wenyewe wanaitoa bure, ipo mingi na mizuri.