Unakaa Newala, Twiga wa Nini?

Kijana mmoja wa Masasi ameniandikia: "Kaka, shikamoo. Nichore nini ili picha zangu ziuzike? Naambiwa watalii wanataka twiga na Mlima Kilimanjaro." Nimemjibu kwa kifupi, lakini najua mpo wengi mnaohangaika na swali hilo, basi leo nalisema lote.

Mimi ni mtoto wa Newala, nimekulia kwenye mikorosho. Nilipoanza kupeleka kazi mjini, mwenye duka mmoja alizipekua picha zangu, akasema, "Hivi vikorosho nani atanunua? Niletee simba." Akanirudishia zote mbele ya wateja. Hadi leo nikikumbuka moyo unauma. Simba sijawahi kumwona. Mkorosho naujua tangu nabebwa mgongoni.

Nikarudi nyumbani, nikachora ninachokijua. Kwetu salfa hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na majani yangali na umande, ili unga ushike na kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Ingia shambani saa hiyo. Vumbi la manjano linaelea kati ya matawi, mpulizaji kajifunga kanga usoni, hata kope zimebadilika rangi. Manjano ile haiuzwi kwenye kopo. Naitafuta kwa kuchanganya njano, nyeupe na tone la kijani, na kila msimu nairudia upya. Baadaye yatazame mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Wengi huyachora yakishaiva, mekundu. Wewe wahi mapema: korosho ndiyo inayotangulia kukua, nene na ya kijani, bibo lingali dogo juu yake. Asiyekaa na shamba atalijulia wapi hilo?

Majuzi picha yangu ya kina mama wanaobangua korosho imenunuliwa kwa bei ambayo zamani nisingethubutu kuitaja. Mnunuzi alisimama muda mrefu akitazama vidole tu: majivu viganjani, ncha nyeusi kwa mafuta ya maganda. Ni vidole vya mama yangu. Nilivichora mpaka mwenyewe akachoka kuchorwa.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni. Toka asubuhi na daftari. Kesho toka tena, hapo hapo. Keshokutwa pia. Acheni kunakili picha za kwenye simu. Simu haikupi moshi wa kubangulia unaowasha macho, na mtu asiyewashwa macho hauchori moshi ule ukaaminika.

Wala msisingizie vifaa. George Lilanga, aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, alianza kwa kuchonga mizizi ya muhogo kabla ya kushika mpingo. Kazi zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa jirani zetu wa Tunduru, alichora kwa rangi ya baiskeli. Wewe unangoja nini?

Na anayekwambia kusini hakuna cha kuchora, mpeleke Shimo la Mungu pale Newala, uwanda wa Makonde unapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Akishatazama, muulize amekosa nini.

Kazi ikiisha, itaje bei yako huku unamtazama mtu usoni. Akisema hivi vikorosho ni ghali, chukua picha yako urudi nayo nyumbani. Mimi ile ya kina mama ilikaa ukutani kwangu misimu kadhaa kabla mwenyewe hajaja.