Mikoko ya Lamu: kupanda miche pekee hakutoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama tukipanda miche mingi ya mkoko msitu utarudi kama zamani. Miti huenda ikarudi, msitu bado. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kila aina ya miti hiyo ina pahali pake: mlilana mbele ukikabili bahari, nyuma yake mkoko wenyewe, ambao ni aina moja tu kati ya hizo, kisha muia na mkandaa, mchu huku karibu na nchi kavu. Ukijaza mkoko mtupu kila mahali, mingi itakufa. Mimi ningeanza na maji: zibueni vijito vilivyozibwa, na mkikata boriti bakisheni miti mama, ile ya kutoa mbegu. Tunda la mkoko huning'inia kama mshumaa wa kijani, likianguka huweza kujichomeka topeni na kuota lenyewe. Na wale kaa wanaoburuta majani mashimoni msiwadharau, ndio wanaolitoboa tope likapata hewa.