Konje (likizo) ya mwaka: hesabu uifanye kabla ya kuingia ofisini

Sisi tunaosaidia wauguzi hapa Lubumbashi, tunaobadilisha shuka, kuosha wagonjwa na kusukuma machela usiku, tunaomba konje kama watu wanaoomba msaada. Unaingia ofisini, unauliza, "Shefu, nimebakiwa na siku ngapi?" Jibu lolote utakalopewa, ndilo unalobeba nyumbani. Nilipokuwa mjumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi, kwenye kliniki moja ya binafsi, kazi yangu kubwa ilikuwa kuwakalisha wenzangu na karatasi na kalamu kwanza.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mtu aliyezidi miaka 18 angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika. Mwaka mzima ni siku 12. Kila miaka 5 kwa mwajiri yuleyule inaongeza siku 1. Mama aliyeingia Machi 2013, ilipofika Machi 2025 alikuwa na 14. Hizo mbili za juu ndizo zinazosahaulika sana, na sijawahi kuona ofisi ikizikumbuka yenyewe.

Tena mwaka wako hauanzi Januari. Unaanza tarehe uliyoingia kazini, basi mkataba wako uwe nyumbani, si kwenye kabati la ofisi tu.

Panapoleta maneno zaidi ni kwenye "siku za kazi". Jumapili haihesabiwi, wala sikukuu ya taifa. Chukua siku 12 kuanzia Jumatatu 23 Juni 2025, mahali ambapo Jumamosi ni siku ya kazi: 30 Juni ni Uhuru, inarukwa, na Jumapili mbili zinarukwa. Unamaliza 7 Julai, unarudi tarehe 8. Anayehesabu kalenda moja kwa moja atakuita tarehe 5. Kwa watu wa zamu za usiku ni vibaya zaidi, kwa sababu ratiba inachanganya mapumziko ya zamu na konje. Piga picha ratiba ya mwezi kabla hujaondoka.

Siku za msiba ni hesabu nyingine. Ukifiwa na mume, mke au mzazi, sheria inatoa siku 4, na hazikatwi kwenye konje ya mwaka.

Ukiambiwa "baki kazini, tutakulipa hizo siku", kataa kwa adabu. Konje kugeuzwa pesa ni pale tu mkataba unapokwisha, na hapo udai hata ile miezi ya mwaka usiotimia.

Wenye matrikule, namba ya utumishi wa Serikali, hesabu hii si yenu. Ninyi mnafuata sheria ya watumishi wa Serikali, namba 16/013 ya 15 Julai 2016. Na tusiletewe hesabu za Ulaya kwenye WhatsApp. Binamu yangu anafanya kazi hiihii kwenye NHS, huduma ya afya ya serikali huko Uingereza: alianza na siku 27 na sikukuu 8 juu yake, na baada ya miaka 10 zinafika 33. Namfurahia, lakini shefu wa hapa kwetu komini ya Kampemba hilo halimhusu.

Barua iandike kwa Kifaransa, nakala mbili, utaje tarehe ya kuingia, idadi ya siku, tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Nakala yako igongwe muhuri wa sekretarieti palepale. Wakinyamaza, hiyo ndiyo utakayopeleka kwa mkaguzi wa kazi.