Je, homoni hujenga upya mielini?

SWALI: Nina multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia mielini. Nimesoma kwamba homoni ya thairoidi hurudisha mielini, ile ala inayofunika neva. Naweza kuanza levothairoksini, vidonge vya homoni hiyo? Na dripu ya steroidi niliyowekewa jicho lilipofifia, si homoni hiyo hiyo?

JIBU: Usianze. Ni kweli T3, homoni ya thairoidi, huzisaidia seli changa za ubongo kukomaa na kuanza kutandaza mielini. Lakini kwa mtu mzima ambaye tezi yake ya thairoidi ina afya, seli hizo kwa kawaida hazikosi T3. Mara nyingi zipo palepale penye jeraha, ila zimekwama kukomaa, na uvimbe umezizunguka. Vidonge vya ziada vitaufikia moyo kwanza: mapigo yataenda mbio au kuvurugika, na baadaye mifupa itadhoofu. Tena vinapandisha joto mwilini, na joto peke yake huzidisha dalili za ugonjwa wako kwa muda. Utadhani umeshambuliwa upya.

Hata hivyo, pima damu kuona TSH, homoni inayoiamuru tezi na inayoshuka thairoidi ikizidi. Tezi ikiwa imelegea kweli, levothairoksini ni haki yako, kwa sababu ya tezi. Kama umewahi kutibiwa kwa alemtuzumabu, mojawapo ya dawa za ugonjwa wako, kipimo hurudiwa kila miezi 3 hadi miaka 4 ipite tangu dozi ya mwisho, maana dawa hiyo huamsha magonjwa ya thairoidi. Na kama unameza bayotini (vitamini B7) ya dozi kubwa, iambie maabara kabla hujatolewa damu. Katika mashine nyingi hushusha TSH kwa uongo, ukaonekana una thairoidi iliyozidi.

Steroidi ni jambo jingine. Methilprednisoloni, kwa kawaida gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, huzima uvimbe na kufupisha shambulio. Mielini haijengi. Kabla ya dripu, mkojo upimwe: maambukizi ya njia ya mkojo huiga shambulio vizuri sana, na steroidi huyapa nafasi. Mwenye kisukari afuatilie sukari siku zote hizo.

SWALI: Nikiwa mjamzito nilitulia kabisa. Nitumie homoni za kike?

JIBU: Mashambulio hupungua hasa miezi 3 ya mwisho ya mimba, kisha huongezeka miezi 3 ya kwanza baada ya kujifungua. Ndiyo maana estrioli, estrojeni ya mimba, ilijaribiwa: miligramu 8 kwa siku pamoja na glatirama, dawa ya ugonjwa huu. Matokeo ya 2016 yalionyesha mashambulio machache zaidi, lakini huko ni kutuliza kinga, na haijaidhinishwa kwa ugonjwa huu. Jaribio jingine liliwapa wanawake waliotoka kujifungua projestini (homoni nyingine ya kike) na estrojeni, halikuzuia mashambulio. Vidonge vya estrojeni pia huongeza hatari ya damu kuganda, na anayeketi sana kwa sababu ya miguu dhaifu tayari yuko karibu na hatari hiyo. Ukipanga mimba nyingine, mweleze daktari mapema, maana baadhi ya dawa za kinga huachwa miezi kadhaa kabla.