Rula ya mjukuu na chungwa la Muheza

SWALI: Mhariri salaam, mi msomaji wenu wa hapa Ngamiani, Tanga. Binti yangu kapanda ndege Dubai kwenda Los Angeles, njiani akapiga picha ile ramani ya kwenye skrini ya siti, alipofika akanitumia wasap. Kandege kako juu kabisa kwenye barafu, jirani na Ncha ya Kaskazini! Nikachukua rula ya mjukuu nikaweka kwenye atlasi, mstari unakatiza Misri, Libya, Algeria afu Atlantiki mpaka Marekani. Rubani alipotea au ndo wanatuzungusha nauli ipande? Na umbali hasa ni ngapi, maana barazani tumewekeana kahawa, mmoja kasema 8,300, mwingine 13,400, na baharia mmoja mstaafu anang'ang'ania 7,200.

JIBU: Shikamoo mzee. Rubani hajapotea, aliyekupoteza ni hiyo atlasi. Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa, sa ukitaka kuibandika lazima uivute mahali, na huko kaskazini ndo imevutwa haswa, ndo maana kwenye ramani nyingi za ukutani Greenland inajifanya saizi moja na Afrika wakati Afrika ni kubwa kama mara 14.

Mtume mjukuu sokoni akuletee chungwa la Muheza, usilimenye. Penye kikonyo ndo Ncha ya Kaskazini. Tia nukta ya peni juu kidogo ya kiuno cha chungwa, hiyo Dubai, afu nyingine upande wa pili, karibu zipeane mgongo, hiyo Los Angeles. Chukua uzi wa kushonea upitishe kiunoni kama rula yako ilivyokwenda, ukate, kisha upitishe mwingine jirani na kikonyo, linganisha. Huo wa pili mfupi, tena ule wa kwanza ukiuvuta ukaze unateleza wenyewe kukimbilia juu. Njia ya rula inakaribia kilomita 17,000, ya juu ni kama 13,400, inapanda Irani, Kazakhstan, Urusi, inapita karibu na ncha afu inateremkia Kanada, masaa kama 16. Hizo zaidi ya 3,000 zilizookolewa ni sawa na basi liende Dar na kurudi Tanga mara nne na chenji, na mafuta ya ndege nani ayamwage bure?

Siku nyingine utaiona imepinda vingine kwa sababu ya upepo, au anga ya nchi fulani imefungwa. Kilomita 10 hivi juu kuna upepo mkali wa kutoka magharibi kwenda mashariki, na mtu wa Tanga haelezwi hili, jahazi lenye kusi mgongoni na linalokabili kusi si safari moja. London na New York ni kilomita 5,500 hivi, kwenda masaa kama 8, kurudi 7.

Kuhusu kahawa: 13,400 ni kilomita, 8,300 ni maili za kawaida, 7,200 za baharia ni maili za baharini, kila moja mita 1,852, na marubani nao wanatumia hizo hizo. Wote mmepata, kila mtu alipe kikombe chake.